Gundi Niliyoichagua kwa Mguu Wako

Mapendo mwanangu,

Uko hapo nje unasukwa nywele, nami nasikia mnavyocheka. Nimemwambia nyanya yako kwamba nanoa patasi, asiniingilie. Sinoi kitu. Nimeketi kwenye meza ya kupigia randa na daftari lako la shule, lile lililobaki na karatasi nyeupe, na ninakuandikia wewe ambaye ningeweza kukuita kwa sauti ya kawaida ukaitika.

Kesho asubuhi utapanda boti kwenda Kigoma. Mambo ya safari sitayagusa. Nyanya yako amekwisha kukueleza ukae wapi ndani ya boti, ule nini na umsalimie nani, na Mzee Ramazani mwenye boti anakujua tangu ulipokuwa na meno ya utoto. Wale watu wa ng'ambo wanaotengeneza miguu ya bandia wamekubali kukupokea ujifunze kazi yao. Huko hutahitaji maneno yangu juu ya msumeno. Liko jambo moja la kazi ambalo wao hawawezi kukufundisha, kwa sababu lilitokea kwetu. Ni juu ya gundi.

Najua unatabasamu. Papa na gundi zake. Lakini soma mpaka mwisho, maana baada ya siku mbili utamwona mama yako huko ng'ambo, na neno la kwanza utakalomwambia ninalijua. Nilikusikia juzi unakunja nguo peke yako, unalijaribu kwa sauti ndogo: "Mama, unisamehe, mi njo nilituchelewesha." Mapendo, neno hilo, kwamba wewe ndiye uliyetuchelewesha, si lako. Ni langu. Nimekuachia ulibebe miaka minne.

Nitaanza mbali kidogo, kwa Mzee Asukulu, kwa sababu bila yeye hutaelewa kwa nini nilifanya nilivyofanya.

Wewe unamkumbuka kama mzee wa kukohoa aliyekupa vipande vya mninga uchezee. Mimi nilijifunza kazi kwake tangu sina ndevu. Alikuwa mfupi, mkali, sikio moja halisikii, na alipiga kelele hata alipokuwa anakusifu. Gundi yake aliipika mwenyewe. Ngozi za ng'ombe zilishuka kutoka milimani, akazikata vipande, akaziloweka, akazikwangua manyoya na mafuta, akazichemsha polepole siku nzima. Supu ile aliichuja kwa kitambaa, akaimimina kwenye sahani za bati, ikakauka ikawa kama vioo vya rangi ya chai. Akitaka kuunganisha kitu, alivunja kipande, akakiacha majini kilainike, kisha akakipasha ndani ya kopo, na kopo lilikaa ndani ya sufuria ya maji. Halikugusa moto.

"Ikitokota imekufa!" alipiga kelele. "Unapika gundi, haupike maharagwe!"

Tuliweka mbao karibu na makaa zipate joto, maana gundi ya ngozi ikikuta mbao baridi inaganda kabla hujamaliza kubana. Tulifanya haraka, bila kuongea. Harufu yake ilikaa kwenye nguo hata ukifua. Mama yako, siku za uchumba wetu, alikuwa akisema anajua njia niliyopita bila kuuliza mtu.

Kisha nikaenda Bukavu, nikafanya kazi huko miaka miwili kwa mafundi wenye mashine. Wao hawakupika kitu. Walikuwa na kole nyeupe, gundi ya kununua dukani, ndani ya kopo la plastiki. Unafungua, unapaka, unabana, unakwenda kula. Kesho yake mbao zimekamatana mpaka ukizipiga nyundo zinapasuka pembeni, si pale ulipounganisha. Nilirudi Baraka na kopo zima, na kichwa kikubwa kuliko kopo. Nilimcheka Mzee na sufuria yake mbele ya wateja. Yeye alinusa kole yangu, akasema inanuka maziwa yaliyoharibika, akarudi kwenye moto wake.

Alikuwa na kiti cha mvule alichomtengenezea mke wake walipooana. Mke alikuwa amekufa zamani. Kiti kile kililegea mguu mmoja kila baada ya miaka kadhaa, na kila mara Mzee alimwagia maji ya moto polepole pale penye kiungo, gundi ikalainika, mguu ukatoka mzima. Akausafisha, akapaka gundi mpya, akakaa tena. Nilimwona akifanya hivyo mara mbili kwa macho yangu. Siku moja alipanda kwenda Fizi kwenye kilio cha ndugu yake. Kiti kilikuwa kimelegea. Mimi nikasema nitamfurahisha mzee, nitamwonyesha. Nikausukuma mguu ndani na kole nyeupe, nyingi, nikafunga kamba na kuinyonga kwa kijiti mpaka ikalia. Aliporudi alikikalia, akatikisika huku na huku, akasema, "Ee. Imekamata." Nilitembea wiki nzima kama mtu aliyepewa cheo.

Baada ya miaka mitatu kililegea tena. Kole ile haipendi uzito wa kila siku. Inavutika kidogo kidogo kama kamba mbichi, na sikulijua hilo. Mzee akaleta maji yake ya moto. Upande mmoja ukalainika, upande mwingine ukabaki umeng'ang'ania. Akangoja, akamwaga tena, akatikisa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na randa mkononi, sipigi randa. Akavuta kwa nguvu. Ulimi wa mguu, ile ncha inayoingia kwenye kiti, ukakatikia ndani ya tundu lake.

Aliangalia mahali ulipokatika. Aliona ngozi nyeupe ya kole imeganda kwenye nyuzi za mbao, na mafundi wote tunajua kwamba juu ya hiyo hakuna gundi nyingine itakayoshika.

"Nani aliweka iyi?"

"Mi, Mzee."

Nilingoja kelele. Hazikuja. Mara ya kwanza na ya mwisho nilimsikia anaongea chini chini. "We ulitaka ikamate," alisema. "Mi nilitaka ikubali kufunguliwa."

Akakibeba kiti chenye miguu mitatu, akakiegemeza ukutani chumbani kwake, na hakukikalia tena mpaka alipokufa. Angeweza kuchonga mguu mwingine. Hakuuchonga, wala mimi sikuthubutu kuuchonga.

Siku alipozikwa niliapa moyoni kwamba sitatia tena kole ya dukani kwenye kazi yangu yenye maana. Niliona ni heshima. Mtu mwenye aibu anaapa upesi, kwa sababu kiapo kinampunguzia kazi ya kufikiri. Tangu siku ile sikuuliza tena kitu kitaishi wapi, kitabeba nini, nani atakuja kukifungua. Nilikuwa nimekwisha kujibu kabla ya swali.

Sasa nafika kwako.

Ulikuwa na miaka minane nyoka alipokuuma kwenye shamba la mihogo. Hayo unayakumbuka kuliko mimi, nami sitayaandika. Nitaandika tu kwamba daktari aliponiambia watakata chini ya goti, nilimwuliza kama goti litabaki, akasema litabaki, na mimi fundi nikashukuru Mungu pale pale kwa sababu ya goti. Mama yako alinitazama kama mwendawazimu. Nilikuwa nimeanza kuhesabu vipimo.

Miguu yako ya kwanza ilikuwa vijiti tu na mkanda. Ulipofika miaka kumi na mitatu nikasema sasa nitamtengenezea mguu wa kweli. Nilipata mti mweupe mwepesi kutoka juu milimani. Nilichonga sehemu ya chini ya goti kwa vipande viwili, nikavikomba ndani viwe vyepesi, ili vikiunganishwa viwe kama mguu wa mtu, na ndani mna uwazi wa kuingiza mguu wako uliobaki. Unyayo niliuchonga kwa mvule. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Vipande vile viwili ukivishika pamoja juani hukuona mwanga katikati.

Siku hizo Ramazani alirudi kutoka Kigoma na mirija miwili midogo ya gundi ndani ya mfuko wa kanzu yake. Alikuwa amesikia ninachokifanya. "Fundi, iyi njo tunaunganishia mbao za boti," alisema. "Changanya sawa kwa sawa, upake. Ikikauka, hata ikae mu ziwa mwaka muzima, haitajua kama ni mayi. Nimeleta ya mutoto."

Nilimshukuru. Niliitia kwenye droo.

Mama yako alingoja siku tatu. Siku ya nne alikuja hapa karakana na Wilondja mgongoni, mdogo wako alikuwa na miezi minane, akakuta nimeweka kopo kwenye sufuria.

"Baba Mapendo, ile ya Ramazani utaiweka lini?"

"Siiweki."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza. Nilikuwa na sababu nzuri, na hilo ndilo baya lake. Nilisema mtoto anakua, mwakani mguu utakuwa mdogo, nitaufungua kwa maji ya moto, niongeze kipande, niufunge. Ile ya mirija ikishika haifunguki mpaka kiyama. Yote ni kweli, Mapendo. Hata leo nikikueleza kazi nitakwambia hivyo hivyo.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Akikua utachonga ingine. We iko fundi. Lakini uyu mutoto iko wa ku ziwa. Kila siku iko mu mayi na benzake, anachota, anafua, anacheza. Unamuunganishia mguu na gundi yenye kuogopa mayi?"

"Nitapaka vernisi. Mayi haitaingia."

"Na ikipasuka, vernisi?"

Nikainama kukoroga kopo. Akasogea karibu, akauliza polepole: "Mi naomba kujua kitu moja. Unamufanyia mutoto mguu, ao ungali unamutengenezea Mzee Asukulu kiti chake?"

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amefika mahali penyewe. Nilimwambia maneno ambayo nayaona aibu kuyaandika, kwamba yeye ajue chungu chake nami nijue mbao zangu. Alimrekebisha Wilondja mgongoni, akatoka. Nikapaka gundi ya ngozi. Nikapaka vernisi, ile rangi ya kung'arisha mbao, mara tatu. Ukauvaa Jumapili kwenda kanisani, ukatembea kutoka mlangoni mpaka mbele bila kushika kiti cha mtu, na mama yako alilia kwa furaha, akanishika mkono mbele ya watu wote. Hakusema neno tena juu ya mirija. Mimi nikadhani nimeshinda.

Miezi mitano mguu ule ulikaa vizuri. Kisha vita vikarudi.

Siku ile unaijua, lakini uliiona kwa macho ya mtoto, na kuna vitu sikukuambia. Risasi zilianza kusikika asubuhi upande wa kaskazini, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ramazani alituma neno kwamba boti yake haiko tena bandarini, ameificha mbali kidogo kusini, mwendo wa saa tatu kwa mguu, na anatuwekea nafasi nne. Mama yako akasema, "Mi natangulia na mutoto, nibashikie nafasi. Mukuje pole pole na Mapendo, musikimbize mguu." Alisema hivyo: musikimbize mguu. Mimi nilibeba sanduku la vyombo vyangu kichwani, randa zote, patasi zote, urithi wa Mzee. Nyanya yako alikuwa kijijini kwake juu milimani, Mungu alimweka mbali na hayo.

Tulifika kwenye kijito. Kila siku kilikuwa cha kuruka. Siku ile maji yalikuwa yanafika mapajani na yamechafuka. Nilikuambia, "Ngoja hapa. Navusha sanduku, kisha narudi kukubeba." Soma tena maneno hayo, Mapendo, kama nilivyoyasoma mimi kila siku tangu wakati ule. Nilivusha kwanza sanduku.

Na zaidi ya hayo, nilijua. Niliposema ngoja nikubebe, sikuogopa mkondo. Watu walikuwa wanavuka na mbuzi. Niliogopa maji yasiguse kiungo. Vernisi ilikuwa na nyufa pale unapokunja mkanda. Nilikuwa nimeziona wiki mbili kabla nikasema nitapaka kesho. Lakini sikukuambia sababu. Kama ningekuambia "mguu wako haupaswi kulowa," ungengoja mpaka jioni, nakujua. Ulichokiona wewe ni watu wanakusukuma, papa yako yuko ng'ambo anatafuta mahali pakavu pa kuweka sanduku, na hukutaka kuwa mzigo. Ukashika nguo ya mama mmoja mbele yako, ukavuka. Nilipogeuka ulikuwa umefika, umelowa mpaka tumboni, na ulikuwa unacheka.

"Papa, nimevuka mi peke!"

Nikasema, "Vizuri." Nikautazama mguu, nikasema vizuri.

Tulitembea karibu saa nzima. Nilisikia kabla yako. Mguu ulianza kulia kidogo kila ukikanyaga, sauti ya mbao mbili zinazosuguana. Kisha wewe ukaanguka. Mguu ulikuwa umefunguka kutoka juu mpaka chini kama ganda la karanga, kipande kimoja mkandani na kingine matopeni, na gundi yangu imekuwa uteute. Nilivifunga kwa kamba. Ulipiga hatua ishirini, vikateleza. Nikafunga tena. Kwa kufunga na kufungua tukapoteza muda ambao tusingeupoteza kama ningekubeba tangu mwanzo, lakini nilitaka kuokoa mguu na sanduku vyote viwili. Mwisho nikasukuma sanduku chini ya kichaka, nikakuweka mgongoni, nikakimbia.

Tulipotokea ziwani boti ilikuwa imeshatoka. Haikuwa mbali sana. Niliona kitenge cha mama yako, kile cha manjano. Alikuwa amesimama, na watu wawili walikuwa wamemshika mikono, maana alitaka kuruka na mtoto mgongoni. Ramazani aliniambia baadaye kwamba alingoja mpaka abiria walipoanza kutaka kumtupa majini yeye mwenyewe. Mama yako alikuwa anasema kitu. Mota ilikula maneno yote. Nilikuinua juu ya mabega yangu akuone kwamba u mzima. Ulipunga mkono wako. Alikuona. Kisha tukageuka, tukapanda milimani kwa nyanya yako.

Usiku wa kwanza huko uliniambia: "Papa, unisamehe. Ulisema ningoje."

Na mimi nikafanya kosa kubwa kuliko yote niliyokuandikia hapa. Nilikushika kichwa, nikakwambia, "Nimekusamehe, mwanangu. Imekwisha."

Nilikusamehe kosa langu mwenyewe. Ulilala, na mimi nikaona nafuu kwamba hukuuliza kwa nini mbao zilifunguka. Nilisema nitakuambia ukikua kidogo. Nikasema nitakuambia tukishuka Baraka. Tulishuka, tukakuta karakana haina hata fremu za madirisha, nikasema si wakati. Mama yako aliandika kutoka kambi ya wakimbizi huko ng'ambo, akauliza tulichelewa kwa nini. Nilimjibu kwa maneno manne: njia ilikuwa mbaya sana. Yeye hakuuliza tena. Nadhani anajua. Mwanamke aliyeuliza lile swali la kiti hawezi kukosa kujua. Lakini hajaniandikia hata mstari mmoja wa kunihukumu, na boti zikipita ananitumia sabuni.

Ninyi wawili mmenihurumia sana, na mmoja wenu hakujua anachonihurumia.

Kule milimani sikuwa na gundi ya ngozi wala kole. Ng'ombe walikuwa hawapatikani tena, maduka yamefungwa. Nilikuchongea mguu kwa gogo moja na panga la kuazima. Ulikuwa mzito, ulikuumiza nyonga, ukautembelea mwaka mzima bila kulalamika, kwa sababu uliona ni adhabu yako. Nilikuona unajilazimisha kupanda nao kilima kwenda kuchota maji. Nyanya yako alisema, "Uyu mutoto iko na roho nguvu." Mimi nilitoka nje.

Mguu unaouvaa leo unajua nilivyoutengeneza, maana ulinisaidia kuupiga randa. Uliniuliza kwa nini natumia kole ya mirija, mimi niliyekuwa nakataa. Nikakwambia mambo yamebadilika. Jibu la kweli ni kwamba nilikuwa namtii mama yako, nimechelewa miaka miwili.

Sasa, kuhusu kazi. Huko uendako utakuta kole ambazo mimi sijawahi hata kuzinusa. Zingine zitakuwa nzuri kweli. Usizicheke kama nilivyoicheka sufuria ya Mzee, wala usiziogope kama nilivyoiogopa ile mirija. Atakapokuja mtu na kiti cha mama yake, au gitaa, au kitu ambacho mtu mwingine atapaswa kukifungua wewe ukiwa hupo, tafuta ngozi, pika, vumilia harufu. Kabati la ndani lisilolowa wala kubeba uzito mkubwa, kole nyeupe inatosha na utaokoa siku nzima. Mguu wa mtoto anayeishi kando ya maji uunganishe kwa kitu ambacho maji hayakijui, na akikua, chonga mwingine. Utaona ni mambo rahisi. Mimi pia niliyajua yote mwaka ule. Mikono yangu haikukosa kitu. Kilichonishinda ni kumsikiliza mtu aliyekuwa anamwangalia mtoto wakati mimi naangalia jina langu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "juu ya nini," hata akiwa hajawahi kushika msumeno, acha kopo, mjibu. Ukiona una sababu nzuri sana na bado umekasirika, simama kidogo. Na mtoto akilowesha mguu uliomtengenezea, usimwambie angengoja. Mwambie ni nini kinachoogopa maji.

Ukimwona mama yako, usimwombe msamaha. Mkumbatie tu. Wilondja hatakujua, alikuwa anabebwa mgongoni, sasa ana miaka mitano na nasikia anapiga watoto wenzake. Mwache akuzoee polepole, atataka kuona mguu, mwonyeshe. Mama yako akikuuliza habari za siku ile, mwambie ulivuka kijito peke yako, katikati ya watu wazima wanaosukumana, na ukatoka unacheka. Hilo ndilo ulilofanya wewe. Yaliyobaki niliyafanya mimi, na nitamwandikia mwenyewe kwa barua nyingine, bila kusema njia ilikuwa mbaya.

Siwezi kuja nawe. Nyanya yako hawezi tena kuvuka ziwa, na siwezi kumwacha na majirani katika siku hizi. Unalijua hilo na umeniambia mara tatu nisihuzunike. Nitahuzunika, lakini vizuri. Nitaendelea kukutengenezea unyayo wa akiba na kumpa Ramazani. Ukiona unalegea juu ya kisigino andika upesi, usinionee huruma.

Nilikuwa nimekusudia kuikunja karatasi hii niitie kati ya nguo zako, uikute ukiwa katikati ya ziwa. Nimeisoma tena tangu juu, na nimeona kwamba huko usingeweza kuniuliza kitu, wala kunikasirikia mbele yangu. Ungebaki nayo peke yako mpaka Kigoma, kama ulivyobaki peke yako na hatia ile. Hapana. Naweka kalamu chini, nitakuita uketi hapa kwenye meza, na nitakusomea mwenyewe, neno kwa neno, hata yale ya chungu na mbao. Nikifika kwenye sanduku nikashindwa kuendelea, usinisaidie. Ningoje tu. Jua bado liko juu, na leo sina kazi nyingine.

Papa wako.